Taarifa za Shombo, Paka wa Chumba Namba Saba

Haya hayakutokea zamani. Yametokea juzijuzi tu, na mengine yanaendelea sasa hivi unaposoma, katika nchi moja nzuri sana. Jina lake nalijua vizuri, lakini kwa sheria ya huko jina la nchi hutajwa mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, nami ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda na mgongo unaniuma. Tutaiita nchi, inatosha.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Mapumziko na Furaha. Wizara ilifanya utafiti wa miaka minne ikagundua kwamba wananchi wengi hawakuwa na furaha kwa sababu ya uvivu wao wenyewe. Basi ikajenga Bustani Kuu ya Furaha, yenye bembea, farasi wa mbao wa kuzunguka, gurudumu refu kuliko minara yote, na treni ya kupanda na kushuka, kisha ikaizungushia ukuta wa futi kumi na nane ili furaha isivuje. Kila familia ilipangiwa likizo ya siku tatu. Likizo ilikuwa ya hiari. Waliokataa hiari hiyo walifuatwa na gari.

Mimi, Feruzi, nilikuwa karani wa Bweni la Wanyama katika bustani hiyo. Ilikuwa kazi ya heshima na nilipewa kofia. Familia iliyokwenda likizo haikuruhusiwa kumwacha mnyama wake nyumbani, wala kumkabidhi kwa jirani, maana kumkabidhi jirani ni kusema kuna jambo jirani analiweza na serikali hailiwezi. Mnyama alikuja na wenyewe, akalala bwenini kwetu mpaka likizo iishe. Na karani wa bweni hakuruhusiwa kutoka bustanini madhali kuna mnyama hata mmoja chini ya uangalizi wake. Ni sheria nzuri, inaonyesha kujali. Nilikuwa sijatoka kwa miaka kumi na moja. Chumba namba tatu alikuwamo kobe wa hakimu mmoja aliyehamishwa mkoa akamsahau, enzi ambazo langoni wanyama hawakuhesabiwa, na kobe huyo nadhani alifariki katika mwaka wangu wa tano, lakini kwa kobe huwezi kuapa.

Familia ninayotaka kuwaeleza ilifika Jumatatu asubuhi, na nilikuwapo langoni nikinywa chai na mlinzi, Koplo Mwandu, kama nilivyofanya kila siku. Walikuwa wanne. Bwana Mihayo, fundi saa, mtu mwembamba mwenye kope za kuungua kwa kuchungulia vitu vidogo. Mkewe, Bi. Skolastika, aliyebeba masanduku yote kwa sababu mumewe aliogopa kuumiza vidole. Mama yake Bwana Mihayo, Bi. Nyamizi, kikongwe aliyevaa sweta katika lile joto. Na binti yao Kabula, wa miaka minane, akiwa amekumbatia kapu lenye kifuniko. Ndani ya kapu alikuwa paka dume wa rangi ya kijivu, jina lake Shombo, kwa sababu zinazoeleweka na pua.

Koplo Mwandu hakuwa mtu wa kuhesabu kwa macho. Alimgusa kila mmoja kichwani, akihesabu kwa sauti, na alipofika kwenye kapu alifungua kifuniko akatia mkono.

"Tano," alisema. "Roho tano zimeingia, roho tano zitatoka. Ikipungua hata moja, hatoki mtu."

"Sasa itapunguaje, afande?" Bwana Mihayo aliuliza akicheka.

"Sijui, baba. Mimi ni wa kuhesabu tu."

Akawasomea na kile kipengele kingine, kwa sababu alitakiwa kukisoma: familia itakayokaa bustanini siku thelathini itahesabiwa kuwa imenogewa, itapewa cheti cha Mkazi wa Furaha wa Kudumu, na nyumba yake ya huko nje itagawiwa kwa mwananchi ambaye bado hana furaha. Saa ya mwisho ni saa kumi na mbili jioni ya siku ya thelathini. Bwana Mihayo alitia sahihi bila kusoma. Siku tatu, nani angefika thelathini?

Bwenini nilimpokea Shombo kwa fomu yenye maswali arobaini na mawili. Jina. Jinsia. Rangi. Masharubu, yapo au hayapo. Je, mnyama amewahi kusafiri nje ya nchi? Je, mnyama ana maoni yoyote? Kabula alijibu yote kwa uangalifu. Kwenye maoni alisema Shombo hapendi kuguswa tumbo.

"Mjomba," aliniambia, "anapenda dagaa wa kukaanga, siyo wa kuchemsha. Na akilia usiku umkune hapa chini ya kidevu. Andika."

Nikaandika. Nikagonga muhuri. Nikaiweka kwenye faili, na faili nikalifungia kabatini, na ndivyo maagizo ya mtoto yule yalivyohifadhiwa salama kabisa.

Sasa nieleze jinsi tulivyofanya kazi, maana balaa lote lilitoka hapo, na balaa hilo nililiandika mimi kwa mkono wangu. Zamani taarifa za wanyama zilifika Wizarani mwisho wa mwezi, na Wizara ikalalamika kwamba zinachelewa. Ikaagiza taarifa za mwezi ziwe zinafika tarehe mosi ya mwezi huohuo. Mkurugenzi wetu, Dakta Bakilana, udaktari wake wa heshima, alituita akatuuliza kama kuna mwenye swali. Hakukuwa na mwenye swali. Kuanzia siku hiyo, mnyama akiingia tu, niliketi nikamwandikia taarifa zake za siku thelathini mbele, nakala tatu, kwa wino wa buluu. Asubuhi: ameamka na furaha. Mchana: amekula samaki, amebakiza kidogo kwa adabu. Alasiri: amelala. Jioni: amecheza. Nakala moja ilibaki kwangu, moja kwa Mkurugenzi, na ya tatu ilikwenda Wizarani kwa pikipiki kabla mnyama hajamaliza kunusa chumba chake. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilisifiwa.

Shombo akaondoka Jumanne saa nne asubuhi.

Dirisha la chumba namba saba lilikuwa na wavu wa chuma imara kwenye ramani. Ukutani lilikuwa na tundu. Nilikuwa nafagia ukumbi nikamwona amepanda kizingitini. Aliniangalia kwa muda, akajilamba mguu mmoja, kisha akaruka juu ya ule ukuta wa futi kumi na nane kwa kupitia mti ambao haukuwamo kwenye ramani. Sikupiga kelele. Nilikwenda mbio kabatini kutafuta fomu ya mnyama aliyetoroka, nikakuta haijawahi kuchapwa, kwa kuwa hakuna kiumbe ambaye angeweza kutoroka furaha. Nikafungua daftari. Daftari lilisema Jumanne mchana Shombo amekula samaki. Nikalifunga. Nikamla samaki mimi.

Familia yenyewe siku hizo ilikuwa likizo. Walipanda farasi wa mbao, ambao walikuwa hawazunguki, ila mtumishi mmoja aliwazunguka wao akibeba picha ya mandhari. Walipangwa foleni ya gurudumu, ambalo lilikuwa limesimama tangu ufunguzi, na kule juu kabisa bado alikuwako mjumbe wa kamati ya ufunguzi, akishushiwa chakula kwa kamba na kupandishwa cheo kila mwaka. Na saa nne kamili waliketi kwenye ile treni ya kupanda na kushuka. Treni haikuwa na umeme. Mtumishi alifunga watu mikanda, akapuliza kipenga, na watu wakapiga kelele za furaha kwa dakika kumi na tano, mikono juu, wakiwa wamekaa palepale. Aliyenyamaza aliandikwa jina.

"Mbona haiendi?" Kabula aliuliza.

"Piga kelele, mwanangu," Bi. Skolastika alisema, "mjomba wa kipenga anaandika."

Siku ya tatu, saa nane mchana, walikuja kumchukua paka wao. Saa za kuchukua wanyama zilikuwa saa nane hadi saa kumi, hakuna nyingine. Familia nyingine nilizifungulia mlango wa chumba; hawa niliwafungulia daftari.

"Amelala," nilisema.

"Mwamshe," alisema Bwana Mihayo.

"Mgeni aliyelala haamshwi, bwana. Kanuni ya nne."

Wakarudi kesho yake saa nane. Alikuwa amelala. Wakarudi keshokutwa. Kila alasiri ya Mungu Shombo alikuwa amelala, kwa siku thelathini, nakala tatu, wino wa buluu. Bwana Mihayo, ambaye maisha yake yote alikuwa akiamini kwamba saa ikikaa sawa na mambo yatakaa sawa, alijaribu kuja saa saba na dakika hamsini na tisa akaambiwa hajafika, na saa kumi na dakika moja akaambiwa ameshachelewa. Langoni Koplo Mwandu aliwagusa vichwa, akahesabu nne, akawarudisha. Nami nilisimama pale na kikombe changu cha chai, nikiona haya, nikaendelea kunywa.

Siku ya tisa Bi. Skolastika alipata zamu ya simu. Simu ya bustani ilikuwa moja, ndani ya Jumba la Mizuka, ambalo lilikuwa limegeuzwa kuwa Ofisi ya Malalamiko bila kubadilisha mapambo. Akampigia jirani yao, Mama Sikujua, amwangalizie nyumba.

"Nyumba nzima," Mama Sikujua alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Ila shoga, huyu paka wenu ataniua! Yuko hapa barazani tangu wiki iliyopita, ananilia dagaa zangu!"

Bi. Skolastika alitoka mbio mpaka kwa Dakta Bakilana, nami nikaitwa na daftari langu. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza, akitabasamu, kwa kuwa kutabasamu kulikuwa kwenye mkataba wake.

"Mama," alisema, "mimi sina sababu ya kumshuku jirani yako. Lakini jirani yako ni mtu mmoja, na ameona mara moja kwa macho. Mimi nina taarifa tisa, zimepitiwa na maofisa wanne. Leo asubuhi paka wako ameamka na furaha. Unataka nimwambie Waziri kwamba hakuamka?"

"Nataka paka wangu. Kama yupo, nionyesheni."

"Saa ngapi sasa, Feruzi?"

"Saa tisa, Dakta."

"Amelala," Mkurugenzi alisema kwa huzuni, akafungua mikono.

Mama wa watu alipotoka, nilifunga mlango nikamwambia bosi wangu ukweli. Nilimwambia nimemwona kwa macho yangu paka akiruka ukuta. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgonjwa wa homa.

"Feruzi. Paka aliyefika Wizarani hawezi kuwa ameondoka hapa. Kapumzike."

Nikaenda kupumzika. Ningefanya nini?

Siku zikaenda. Ilipofika wiki ya tatu Bwana Mihayo alikuwa hasemi na mtu, ila saa nne ikifika alipiga kelele kwenye treni kuliko wote, na siku moja kipenga cha kumaliza kilipopulizwa hakunyamaza. Walimpa beji. Bi. Skolastika aliandika malalamiko kila asubuhi na kila jioni alipata jibu lilelile, kwamba malalamiko yake yamepokelewa kwa furaha. Mama Sikujua akapiga simu kusema kuna watu wamekuja na futi kamba, wamepima sebule, mmoja wao amesema dirisha la jikoni ni dogo na akauliza kama paka anauzwa pamoja na nyumba.

Bi. Nyamizi ndiye aliyezoea kuja kwangu. Alisema masikio yake hayawezi zile kelele. Alikaa kwenye benchi la ukumbini na sweta lake, mbele ya chumba namba saba, na siku ya ishirini na nne alisimama akasukuma mlango. Haukuwa umefungwa. Akatazama ndani: bakuli, kitambaa, tundu la dirisha. Akarudi akaketi.

"Mwanangu," alisema, "hizi taarifa za kwamba amelala, anaandika nani?"

"Ninaandika mimi, Bibi."

"Unaandika lini?"

"Niliandika siku mlipokuja. Zote."

Nilitamani anitukane, anipige hata kwa mkongojo wake. Badala yake akanishika kiganja akakitazama, doa la wino kwenye kidole cha kati.

"Kwa hiyo ulitufungia humu siku ileile, kabla hata hatujanywa maji."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi futa. Andika yuko macho."

"Haifutiki, Bibi. Nyingine iko Wizarani."

"Na wewe unatoka lini humu, baba?"

Hilo swali sikuwa nimeulizwa na mtu kwa miaka kumi na moja. Nililia pale mbele yake, mtu mzima na kofia yangu. Aliniacha nilie, akaendelea kukaa.

Siku ya ishirini na saba ikaja pikipiki kutoka Wizarani. Maofisa walikuwa wamelinganisha taarifa za wanyama wote wa nchi wakaona hakuna aliyefurahi bila kukatiza kama paka wa chumba namba saba. Mbwa wa mikoani walikuwa na siku za kuhara. Sungura wa makao makuu aliwahi kununa. Shombo siku zote ishirini na saba ameamka na furaha, na hata siku tatu zilizobaki tayari ilijulikana kwamba angefurahi. Ametunukiwa Nishani ya Mnyama Mwenye Furaha Kuliko Wote, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe atakuja kumvisha, siku ya thelathini, saa kumi na moja jioni.

Dakta Bakilana alisoma barua mara mbili. Kwa mara ya kwanza nilimwona tabasamu likimcheza pembeni.

"Saa kumi na moja atakuwa anafanya nini, Feruzi?"

"Anacheza, Dakta."

"Kwa hiyo yuko macho. Afadhali." Akafuta jasho. "Chumba kipakwe rangi."

Kikapakwa rangi. Tukaweka zulia, maua, na kitambaa kipya. Tulifanya kila kitu isipokuwa kuleta paka, na katika vikao sita vya maandalizi hakuna aliyelitaja hilo, nami nilikuwa mwandishi wa vikao.

Waziri alifika na magari kumi na moja, wapiga picha, na ngoma. Familia ya mshindi iliwekwa mstari wa mbele, Bwana Mihayo na beji yake, Kabula na kapu lake tupu. Waziri alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri.

"Ndugu wananchi, na ndugu wanyama," alianza. "Wapo wanaotubeza. Wapo wanaouliza, hiyo furaha iko wapi? Leo nimekuja na jibu, na jibu hilo lina miguu minne na mkia!"

Makofi. Mlango wa chumba namba saba ukafunguliwa. Waziri akaingia nusu, kamera nyuma yake, akasimama. Akatazama zulia. Akatazama maua. Niliona shingo yake ikitoa jasho. Akageuka kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akamsogezea daftari, kidole kikiwa kwenye mstari wa siku ile.

"Saa hii anacheza, Mheshimiwa."

Waziri akasoma. Akavuta pumzi, na pale ndipo nilipoelewa kwa nini yeye ni Waziri na mimi ni karani.

"Tazameni nidhamu hii!" alinguruma. "Katika nchi za wenzetu paka wanalialia juu ya mabati usiku kucha. Huyu anacheza, na hata unyayo humsikii!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Waziri akainama, akapapasa hewa mara mbili tatu, akaivisha nishani. Nishani ikaanguka sakafuni ikalia. Msemaji wa Wizara akawaeleza waandishi kwamba mshindi ameiweka chini kwa unyenyekevu.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nilimwangalia Bi. Skolastika. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa akipiga makofi, kwa kuwa wote walikuwa wanapiga. Dakika thelathini zaidi na nyumba yao isingekuwa yao tena. Ndipo nikamwona Bi. Nyamizi ameinama sikioni mwa mjukuu wake, na Kabula akatoka mstarini akapiga goti mbele ya Waziri na kamera zake.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba Shombo aruhusiwe kwenda nyumbani leo, akawaonyeshe majirani nishani yake."

Waziri alimtazama mtoto, akazitazama kamera.

"Nani angemkatalia?" alisema. "Aruhusiwe sasa hivi!"

Kabula aliingia chumba namba saba, akapiga magoti kwenye zulia, akanyanyua kitu kwa mikono miwili kwa uangalifu wote, akaepuka kukishika tumbo, akakitia kapuni. Akaokota na nishani. Akafunga kifuniko. Watu walimpisha njia. Ofisa mmoja hata alimwambia pole, mzito huyo.

Nilitakiwa kuwasindikiza na kitabu cha kutokea. Tulitembea haraka, Bwana Mihayo mbele akitazama saa yake, Bibi nyuma amenishika mkono kwa sababu ya miguu yake. Tulifika langoni zimebaki dakika sita.

Koplo Mwandu alikuwa peke yake. Akasoma amri ya Waziri, akaipigia saluti, akaikunja. Kisha akaanza kugusa vichwa. Bwana Mihayo. Bi. Skolastika. Kabula. Bi. Nyamizi. Akafungua kapu, akatia mkono, akaupeleka huku na huku.

"Nne," alisema.

"Afande, Waziri ameshasema!" Bi. Skolastika alilia. "Umeisoma mwenyewe!"

"Waziri amesema paka atoke. Sijamzuia paka, mama. Ninatafuta kichwa chake."

"Afande, nyumba yetu..." Bwana Mihayo alisema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa wiki mbili. Dakika nne.

Bi. Nyamizi hakupiga kelele. Alinivuta mkono tu, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, mpaka nikawa nimesimama mbele ya Koplo, akanivua kofia.

"Huyu hapa," alisema.

Koplo Mwandu alinitazama. Tulikuwa tumekunywa chai pamoja miaka kumi na moja, alijua hata idadi ya vijiko vyangu vya sukari. Akafungua fomu niliyoijaza mwenyewe siku ya kwanza, akaisoma taratibu, mstari kwa mstari, akinyanyua macho kila baada ya mstari.

"Dume," alisoma. "Rangi, kijivu." Akazitazama nywele zangu. "Masharubu?"

"Anayo," Kabula alisema.

"Maoni yoyote?"

"Hapendi kuguswa tumbo."

Koplo akakunja fomu. Akanyoosha mkono wake akauweka kichwani kwangu, na akauacha hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Tano."

Lango likafunguka. Wale wanne walitoka kwa kukimbia, hata Bibi, sweta linapepea, na nikasikia Bi. Skolastika akicheka na kulia barabarani. Mimi nilitoka kwa kutembea. Sikuwa nimejiandaa. Sikuwa na sanduku, na barabara ilikuwa pana kuliko nilivyoikumbuka. Nyuma yangu komeo likarudi mahali pake, nikageuka. Rafiki yangu alikuwa upande wa pili wa nondo, anafunga kitabu.

"Mwandu," nilisema, "na wewe unatoka lini?"

"Mimi?" Alifikiri kwa kweli, kana kwamba ndiyo kwanza linamjia. "Mimi nilikuwa ndani wakati lango linajengwa. Sikuhesabiwa kuingia. Halafu wa kunigusa mimi kichwa ni nani?"

Nikapitisha mkono kwenye nondo nikamgusa kofia.

"Moja," nilisema.

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kona ya mkono wa shati, na kwa muda mkono wangu ulibaki pale juu, na yeye hakuuondoa. Kengele ya saa kumi na mbili ikalia. Akanishika kifundo cha mkono, akanirudishia mkono wangu nje ya nondo, polepole, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu.

"Nenda nyumbani," alisema. "Paka hahesabu watu."